Upanga au Kariakoo: Maneno juu ya Kununua Nyumba Mjini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo yachapwa hapa kwa ajili ya wale ambao zamu za kazi ziliwazuia kuhudhuria.)



Halmashauri imeniagiza niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona ofisini, yaani, mtumishi ajaliwaye fedha ya kupata nyumba katikati ya mji huu wa Dar es Salaam, aipate Upanga au aipate Kariakoo? Mimi si dalali wala si mwanasheria. Ni karani, na ukarani umenifundisha jambo moja lifaalo leo, nalo ni kusoma karatasi mpaka mwisho wake kabla ya kutia sahihi. Basi mkisikia kwangu neno la sheria, lipelekeni kwa mwanasheria alipime. Mkisikia hesabu, ipigeni wenyewe usiku huu kwa kalamu zenu.

Najua wako wanaocheka moyoni wakisema, karani gani huyo wa kununua Upanga, mahali ambapo fleti moja huuzwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi? Wana haki ya kucheka. Lakini swali hili halikutoka hewani. Limeletwa na ndugu yetu mmoja, ambaye jina lake sitalitaja, aliyeachiwa na marehemu baba yake fungu katika nyumba ya Kiswahili huko Kariakoo, yeye na ndugu zake wanne. Mjenzi mwenye mtaji amewaendea na kuwapa njia mbili. Ya kwanza ni ubia: nyumba ya zamani ivunjwe, lijengwe jengo la ghorofa kumi, nao wagawiwe fleti na fremu za maduka kadha wa kadha. Ya pili ni fedha taslimu, waondoke. Ndugu yetu auliza: nikubali fungu langu hapo hapo Kariakoo, au nichukue fedha, niongeze mkopo, nami ninunue Upanga nikae na watoto wangu? Nilipoulizia nimekuta wanachama wengine watatu wamo katika hali iyo hiyo, na wengine wataingia humo kesho, maana wazee wetu waliojenga Kariakoo wanatutoka mmoja mmoja.

Kwanza yafaa tujue mitaa hii miwili ilizaliwaje. Wajerumani walipotoa amri yao ya ujenzi mwaka 1891 waliugawa mji kwa namna ya nyumba: upande wa bahari nyumba za Kizungu, katikati majengo ya mawe ya wafanya biashara, na nyuma yake nyumba za udongo na makuti. Kabla kidogo ya vita vya 1914 wakapata ardhi ya shamba upande wa magharibi ili wawahamishie huko wenyeji. Waingereza walipouingia mji mwezi Septemba 1916 waliweka mahali pale kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wa watu ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Katika miaka ya 1920 uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa mtupu kati ya mji wa Wahindi na mji wa Waafrika, ati ugonjwa usivuke. Mtu asimamaye leo Mnazi Mmoja akingoja gari, basi amesimama juu ya mpaka wa zamani.

Nyumba ya Kariakoo ilikuwa na desturi yake. Ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, nyuma ua wenye jiko na choo, mbele baraza. Mwenye nyumba, na miongoni mwao walikuwamo akina mama wengi, alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akapangisha. Makarani waliotutangulia katika kazi hii walilala katika vyumba hivyo. Kodi ya vyumba vinne ilimlisha bibi mjane, ikamsomesha mjukuu, ikalipa ada ya kiwanja. Hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni ya watu wasiokuwa na pensheni.

Upanga ilizaliwa kwa njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa katika miaka ya 1950, ilijengwa kuwa mtaa wa makazi wa jamaa za Kiasia waliotaka kutoka juu ya maduka yao katikati ya mji, na jumuiya zao zikajenga nyumba kwa ushirika. Hapakukusudiwa soko wala karakana. Palikusudiwa pawe mahali pa kulala, pa kusali na pa kusomesha watoto. Kisha mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo, nayo majengo ya kupangisha yenye thamani ipitayo shilingi 100,000 yakaingia katika mikono ya Serikali chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu mwaka 1962. Ndiyo sababu hata leo ukipita Upanga waona majengo mengi ya Shirika, na watumishi wengi waliokaa humo kama wapangaji hawakupata kuyamiliki.

Basi neno langu la leo ni hili: nyumba ya Kariakoo tangu mwanzo ilijengwa ili imlishe mwenyewe, na nyumba ya Upanga ilijengwa ili imlaze. Mjenzi wa sasa amevunja udongo na makuti akaweka zege na vioo, lakini tabia hii hakuivunja. Mtumishi aulizaye aende wapi na ajiulize kwanza amekosa nini, chakula cha uzeeni au mahali pa kulala.

Tuitazame Kariakoo kama ilivyo. Jengo la soko kuu, alilolichora Beda Amuli na lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Lakini biashara haikulala hata siku moja, ilihamia mitaani. Wanunuzi huja kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Mwezi Februari 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara mchana na usiku, saa 24. Kwa mwenye fremu ya duka katika mtaa wa Kongo au wa Msimbazi, habari hizo zote ni njema. Mpangaji wa fremu hulipa kodi ya miezi mingi kwa mara moja, tena juu yake hutoa kilemba, na akiondoka mwingine amekwisha simama mlangoni.

Lakini sasa mfikirie yeye aishiye juu ya fremu ile. Ghorofa ya chini ni maduka, ya pili ni maduka, ya tatu na ya nne ni ghala, na watu wamebaki huko juu. Lifti ile ile aipandayo mama mwenye mtoto mchanga hupandisha marobota ya nguo. Saa kumi alfajiri mikokoteni imeanza, na Simba ikishinda, mtaa wa Msimbazi hauna usingizi. Fleti ya jirani yako waweza kuiona leo ina familia, na mwezi ujao imekuwa stoo ya viatu, wala hakuna aliyekuuliza. Watoto hawana pa kuchezea ila ukumbini na ngazini. Tena kuna jambo zito kuliko kelele. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa, na ilisemwa siku zile kwamba mafundi walikuwa wakichimba chini yake kuongeza nafasi ya biashara. Hapa twaona tabia ya mtaa ikifika upeo wake: nafasi ya chini ina fedha nyingi mno hata mtu achimbe msingi wa nyumba aliyoisimamia.

Wala mtu asidhani kuanguka kwa majengo ni ugonjwa wa Kariakoo peke yake. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa bado likijengwa pembeni mwa barabara ya Morogoro, katikati ya mji, liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Kwa hiyo popote uendapo, uliza kibali cha ujenzi kilitaja ghorofa ngapi, kisha simama barabarani uzihesabu kwa kidole. Ni kazi ya dakika moja, na sijamwona dalali aipendaye.

Na Upanga? Sifa zake hazina haja ya msemaji mrefu. Hospitali ya Muhimbili iko humo, na Aga Khan iko ufukweni. Shule za Azania, Jangwani, Zanaki, Tambaza na Shaaban Robert ziko humo au kando yake, na mtoto aweza kwenda kwa miguu chini ya kivuli cha miti. Tangu daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022 mtu wa Upanga huvuka kwenda Oysterbay kwa upesi. Mtumishi wa ofisi za Posta au Kivukoni huenda kazini kwa miguu akitaka, ingawa katika hili Kariakoo haishindwi, maana mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yana kituo chao Gerezani na hupita Msimbazi.

Hata hivyo Upanga ya sifa hizo ni Upanga ya nyumba za ghorofa mbili na bustani, nayo inapungua. Palipokuwa na nyumba moja ya jamaa moja pamesimama jengo la fleti nyingi, na mabomba ya maji na ya maji machafu yalitandikwa kwa ajili ya ile nyumba moja. Ukienda kutazama fleti, usiende Jumapili asubuhi wakati bomba lina nguvu na mtaa umetulia. Nenda jioni ya siku ya kazi, ufungue bomba la ghorofa ya juu, uulize kisima ni cha nani na jenereta hulipiwa na nani. Na kwa nyumba zilizoko upande unaoshuka kuelekea bonde la Msimbazi na Jangwani, nenda siku ya mvua kubwa. Wote twaijua Jangwani wakati wa masika.

Jambo jingine la Upanga ni gharama isiyoandikwa katika bei. Mlinzi, lifti, dizeli, usafi, rangi ya ukuta kila baada ya miaka michache, yote hugawanywa kwa wenye fleti, na mchango huo haujui kwamba wewe umestaafu. Karani aliyenunua kwa jasho akabakiwa na pensheni ndogo huweza kujikuta mwenye nyumba nzuri asiyeweza kulipia lifti yake. Kodi ya majengo yenyewe ni ndogo, nayo tangu mwaka 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU. Si hiyo iumizayo.

Nimetaja pensheni, basi niiseme. Zamani mstaafu wa Serikali alipata nusu ya mafao yake kwa mkupuo, naye kwa fedha hiyo akajenga. Kwa kikokotoo cha mwaka 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33, na mwaka 2024 ukapandishwa kuwa asilimia 40 kwa wale waliokuwa wa asilimia 50. Maana yake kwetu ni kwamba mtu asipange nyumba ya kesho kwa kiinua mgongo alichokisikia kwa baba yake. Wenzetu waliouziwa nyumba za Serikali kuanzia mwaka 2002 hawakuwa na haja ya hotuba kama hii. Sisi tuliokuja nyuma tunayo.

Na mkopo? Tupige hesabu. Tuseme ndugu yetu anapungukiwa shilingi milioni 100, na benki inampa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka 15. Kila mwezi atalipa milioni 1.4 hivi. Mpaka miaka ile iishe atakuwa amelipa karibu milioni 252, yaani amerudisha milioni 100 aliyokopa na juu yake milioni 152. Fleti ya kukaa hailipi hata senti moja ya fedha hiyo. Mshahara peke yake ndio utakaoilipa, pamoja na ada za shule. Fremu yaweza kujilipia. Ndiyo tofauti niliyoisema, sasa imevaa nguo za tarakimu.

Sasa nafika kwenye karatasi, ambako nataka mnivumilie. Katika nchi yetu ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Hakuna anunuaye ardhi. Hununua haki ya kuimiliki kwa miaka iliyoandikwa, isiyozidi 99. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya nyumba yo yote, Upanga au Kariakoo, ni hili: hati ina umri gani, na imebakiwa na miaka mingapi? La pili: je, fleti hii ina hati yake yenyewe? Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 yaruhusu kila fleti iwe na hati yake, na wenye fleti wawe na chama chao cha kutunza ngazi, lifti, paa na uwanja. Pasipo hati hiyo umenunua ufunguo na barua ya muuzaji. Hati kubwa imebaki kwa mwenye jengo, na akiiweka rehani benki, nawe umewekwa rehani pamoja na kitanda chako. La tatu: fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, wala usitosheke na nakala aliyokuja nayo muuzaji mfukoni. La nne: kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake iko wapi?

Katika Kariakoo liko la tano, nalo ndilo liwavunjalo watu. Nyumba nyingi ni za mirathi. Jina lililomo katika hati ni la mzee aliyefariki miaka mingi iliyopita, msimamizi wa mirathi hakuteuliwa na mahakama, na warithi wamekuwa wajukuu walioko Mwanza, Tanga na Muscat. Anayekubali kuuza ni mmoja. Wanaoweza kuja kudai ni kumi na wanane. Mjenzi mwerevu hulijua jambo hili, na bei yake ya kwanza huitoa kwa mrithi mwenye shida kuliko wote.

Basi nimjibu ndugu yetu, na wengine wasikie.

Yeye ana umri wa miaka 38, ana watoto watatu, amepanga Tabata, na wizara yake imehamia Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, naye hurudi kwa treni ya umeme iliyoanza safari hizo mwaka 2024. Katika hali hiyo sioni sababu ya kubeba mkopo wa miaka 15 kwa ajili ya fleti ya Upanga atakayoilala siku nne kwa mwezi. Angekuwa ofisi yake iko Kivukoni na mke wake ni muuguzi Muhimbili, ningesema nenda Upanga, punguza vyumba, kubali fleti ya zamani isiyo na lifti, maana hiyo haitakudai dizeli. Lakini hayuko hivyo. Kinachompungukia ni mapato ya uzeeni, na Kariakoo ndipo baba yake alipoyaweka.

Asichukue fedha taslimu. Fedha ya warithi watano hugawanyika upesi kuliko ukuta. Achukue ubia, na katika ubia asichague fleti nyingi za juu kwa sababu ya uzuri wa hesabu yake; achague fremu chache za chini, na fleti moja ya jamaa kwa ajili ya mama yao aliye hai, ambaye amekaa mtaa ule tangu ujana wake wala hataki kusikia habari za Upanga. Mama huyu nilimsahau katika swali la kwanza kwa kuwa hata mwanawe hakumtaja. Nimemjua nilipouliza nani anakaa katika nyumba ile sasa.

Na katika mkataba yaandikwe haya kwa maneno wazi: kwanza, msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na mahakama kabla ya sahihi ya mtu ye yote, fremu na fleti za warithi zitajwe kwa namba na ghorofa na ukubwa, siyo kwa asilimia, hati za sehemu zitolewe kwa majina yao kwa tarehe iliyotajwa, mjenzi asiweke kiwanja rehani pasipo warithi wote kukubali kwa maandishi, alipe kodi ya nyumba ambamo mama atakaa muda wote wa ujenzi, na akichelewa aendelee kulipa, kibali na idadi ya ghorofa viambatanishwe. Ikiwa mjenzi akataa lile la rehani, mazungumzo yaishie hapo hapo, hata akiongeza fremu mbili.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Rasimu ya mkataba huo ninayo hapa, nimeipiga taipu nakala sita, majina yameondolewa, na Bibi Katibu amekubali kuiweka mezani kwake kwa mwanachama atakaye kuinakili. Mwanasheria tuliyemwomba atafika Jumamosi saa nne asubuhi. Wenye hati za Kariakoo waje nazo, na wale wanaotazama fleti za Upanga waje na barua walizopewa na wauzaji. Sasa niko tayari kwa maswali.